Makaratasi ya ndoa hapa Columbus: Mjomba wa dola 400 na wakili wa dola 2,800

Haya ni maoni yangu kuhusu wakili aliyenisaidia kuomba green card, kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, kupitia mume wangu ambaye ni raia wa huku. Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Wakili alinitoza dola 2,800: elfu moja ya kuanzia, iliyobaki mia tatu mia tatu kila mwezi. Hizo ni zake. Za serikali ni mbali: 675 za fomu ya mume wangu, I-130, ya kuonyesha kwamba mimi ni mkewe, halafu 1,440 za I-485 yangu, yaani maombi ya kadi yenyewe, na 260 za kibali cha kazi. Daktari wa kipimo cha afya naye akala 380. Ukizijumlisha utaelewa kwa nini mwanzo nilikwenda kwa Mjomba.

Si mjomba wangu wa damu. Ni mzee ambaye watu wetu wengi hapa Columbus wanamwita hivyo. Anajaza fomu sebuleni kwake, chai ya maziwa iko mezani, dola 400 mkononi. "Mwanangu, usiwe na wasiwasi, wangapi nimewajazia!" Septemba 2024 tukatuma bahasha. Wiki kadhaa baadaye ikarudi nzima nzima, kwa sababu aliniambia niandike cheki moja ya jumla, na tangu ada zilipobadilika Aprili ile kila fomu inataka malipo yake. Nikaona kosa dogo tu, tuandike cheki tatu tuitume tena. Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono: kabla hujatuma, mpe wakili aisome.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Wakili ni mama wa Kimarekani, msaidizi wake ni dada wa Mombasa, kwa hiyo lugha haikunisumbua. Dola 100 za kuonana naye, na kwa saa nzima alikuwa anasoma tu, penseli mkononi. Duara la kwanza alilizungushia tarehe ya ndoa.

Sisi tulifunga nikaha msikitini Oktoba 2022. Mahari ikatolewa, pilau likaliwa, kwetu tumeshaoana. Lakini hatukuwa na leseni. Huku Ohio leseni ya ndoa inatolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti (baba alicheka sana kusikia kuoa na kurithi ni dirisha moja), na sisi tuliifuata Juni 2024. Mjomba akaandika 2022 kwenye fomu, halafu akaambatisha cheti cha 2024. Wakili akaniambia kwa upole kwamba ofisa akiona hivyo hatafikiria pilau, atafikiria uongo. Tukaandika 2024, na ile nikaha tukaieleza katika barua ya peke yake.

Duara la pili lilikuwa mwishoni, sehemu ya mtu aliyekuandalia fomu. Tupu. Mzee amejaza kila mstari, jina lake halimo. "Nani alikujazia?" Nikatazama dirishani. Hakunibana. Aliniambia tu kwamba ushauri wa kisheria wa mambo haya unatolewa na wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, basi. Jioni ile nikaingia kwenye tovuti ya Mahakama Kuu ya Ohio, ambako kuna orodha ya mawakili wake, nikalitafuta jina la mama huyu. Limo. Ningefanya hivyo kabla ya kutoa senti.

Kilichonifanya nilipe bila kunung'unika ni jambo la tatu. Mama yangu Tanga alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, na Mjomba alishaniambia: ukipata risiti ya maombi, nenda tu, utarudi. Mimi niliingia kwa viza ya matembezi Desemba 2021 nikapitiliza muda. Kwa aliyeolewa na raia, kupitiliza kwenyewe hakukunyimi kadi ukiwa humu ndani, mradi uliingia kihalali. Lakini ukitoka, hesabu inageuka. Kutoka bila kibali cha safari ni sawa na kuyatupa maombi, na aliyepitiliza mwaka mmoja na zaidi anafungiwa mlango miaka 10. Wakili aliniandikia hiyo 10 kwenye karatasi ya njano. Mama alifunguliwa bandeji nikimwona kwenye simu.

Kwa daktari hakuna kubwa. Msiogope kile kipimo cha kifua kikuu kwa sababu ya kovu la BCG begani. Siku hizi wanapima damu, na chanjo ile haiivurugi. Bahasha anayokupa imefungwa, usiifungue hata kama mikono inawasha. Tangu Desemba 2024 inatakiwa iende pamoja na I-485.

Tabu ilikuwa udhamini, yaani mume kuonyesha kwamba kipato chake kinatosha kunitunza. Mume wangu ana lori lake, na fedha inayopita mkononi ni nyingi. Lakini kinachoangaliwa ni kile kilichoandikwa kwenye kodi, baada ya kutoa dizeli, matairi na bima, na kwa nyumba yenye watoto wake wawili hakikufika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Ikabidi wifi aongeze udhamini wake. Wakili alimsomesha neno kwa neno: unabanwa mpaka huyu awe raia au afikishe robo 40 za kazi, kama miaka 10 hivi, na talaka haikufungui. Wifi akamtazama kaka yake, akasema, "Umesikia?" Akasaini.

Halafu ushahidi wa kuishi pamoja. Dereva wa masafa analala nyumbani siku sita au saba kwa mwezi. Mkataba wa nyumba una majina yetu, akaunti pia, lakini maisha yetu halisi yako WhatsApp, tena kwa Kiswahili. Kila ukurasa unataka tafsiri, na mfasiri atie saini kwamba lugha zote mbili anaziweza. Kati ya kurasa zaidi ya mia mbili, wakili alichagua 14. Katikati ya kusoma akaniuliza, "Kila siku unamwuliza kama amekula?" Nikamwambia, sasa nimwulize nini?

Lawama zangu. Simu hapokei, kila kitu kinapitia kwa dada wa Mombasa, na dada akiwa likizo umeachwa. Kufuatana nasi kwenye usaili alidai dola 400 zaidi, jambo ambalo kwenye mkataba lilikuwa kwa maandishi madogo kama sisimizi. Na waliisahau namba ya fleti kwenye anwani, kibali changu cha kazi kikarudishwa kwa waliokituma. Nilikaa zaidi ya mwezi mzima bila kazi kwa tarakimu mbili. Waliomba radhi, fedha hawakupunguza.

Usaili ulikuwa Novemba 2025. Tulikula kiapo, ofisa akataka hati ya talaka ya ndoa ya kwanza ya mume wangu, akaiangalia mbele na nyuma. Kisha akanigeukia: wiki iliyopita mumeo alikuwa wapi? Nikasema Laredo, Jumanne, alikula mbavu na viazi. Nikamwonyesha picha ya sahani. Akageuza ukurasa.

Kadi imekuja, ya miaka miwili, kwa sababu siku maombi yalipopitishwa, leseni yetu ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Tungeichukua Oktoba ile ya nikaha, ningepata ya 10. Sasa kuna fomu I-751 ya kuondoa sharti hilo la miaka miwili, ya kupeleka ndani ya siku 90 kabla hii haijaisha Novemba 2027. Nyota nne kati ya tano, na nitarudi kwao, ila safari hii anwani naiandika mwenyewe.

Mjomba alinirudishia 150.