Canon RF 600mm F11: lenzi ninayoipenda, na yadi tano zinazoniudhi

Jambo yenu, bandugu na badada! Karibuni tena, hapa Lubumbashi. Leo sisomi karatasi ya kwenye sanduku, mnaijua. Lenzi ya kamera ya kuvuta vitu vya mbali, ya 2020, gramu 930, na ilipotoka kule Marekani walikuwa wanaomba dola 699. Kunifikia mimi imepita mikono mitatu na kila mkono umekula chake. Nimetoa dola elfu moja kasoro kidogo. Tuache, nikianza habari ya bei hatutamaliza.

Hasira yangu ya leo ni nyingine. Angalieni.

Hiki ni kitenge cha mama watoto. Yadi sita kamili, nimekunja moja, zimebaki tano. Mdogo wangu, shika ncha hiyo, nenda nayo kule kwenye kiti. Nyoosha! Haya. Yadi tano ni mita nne na nusu, na vidole vichache juu. Sasa chukua chupa ya maji, iweke pale kitenge kinapoishia. Mnaona kwenye kioo cha kamera? Safi, hata maandishi madogo yanasomeka. Isogeze kwangu yadi moja tu. Moja tu, usikimbie! Sasa angalieni. Ukungu. Sikilizeni lenzi inavyohangaika, zzz inaenda, zzz inarudi, kama mtu anayetafuta miwani na miwani iko kichwani. Haiipati na haitaipata. Kitu chochote kilicho ndani ya kitenge hiki, kwa lenzi hii hakipo.

Utaniambia, si ni lenzi ya mbali, ya nini karibu? Wewe unapiga tembo. Mimi napiga chozi, ndege wa sentimita 12 mkia ukiwemo. Akiwa mita kumi, anachukua kama sehemu moja ya tano ya upana wa picha. Akiwa pale mwisho wa kitenge, anakaribia nusu ya picha, na zile manyoya za kijani zinazong'aa unazihesabu moja moja. Kwa hiyo ndege mdogo unamtaka karibu, na karibu ndipo lenzi inapokukatalia.

Juzi nilikuwa upande wa Kipopo. Mnajua mwezi huu wa tisa, mvua bado lakini miombo imeshatoa majani mapya, mekundu kama shaba. Nikajibanza karibu na mulunguti, ule mti wa maua mekundu, saa nzima. Vijana wa makala, yaani makaa, wakapita na baiskeli zao, mmoja akaniuliza, «Papa, huyo ndege ukimpata utamla na nini, hata kijiko hajazi?» Tukacheka, wakaenda. Halafu chozi dume akaja. Akatua hapa, hapa mbele yangu! Mita tatu. Nikabonyeza: zzz, zzz. Nikaanza kurudi nyuma polepole na makalio chini, kama mtoto. Alipoona hivyo akaondoka, na mimi ningeondoka.

Dada mmoja anayetufuatia kule Ubelgiji aliuliza kama lenzi hii itamfaa kwa ndege wadogo wa printemps, majira yao ya majani kuchipua, huko mashambani. Dada, itakufaa mwanzoni, kabla majani hayajafunguka, maana ndege anaimba juu ya tawi tupu na unamwona wote. Ila yule rouge-gorge, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ana tabia ya kumfuata mtu anayelima, aokote minyoo miguuni pake. Huyo ataingia ndani ya kitenge kila siku! Na yule pouillot fitis, kandege ka gramu kumi hivi, ukimsikia huko mwezi wa nne ujue katoka huku Afrika, kupita jangwa lote. Nisalimie.

Haya, f/11, yaani ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Mnaniandikia kila wiki, «f/11 ni giza». Ni giza kweli, na haifunguki wala haifungi, umepewa hiyo hiyo. Juani, kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, unapata ISO 500 (ISO ni kamera kuongeza nguvu ya mwanga) na unatabasamu. Wingu likija, 3200. Saa kumi na mbili asubuhi kivulini, ndege ndio wanaimba vizuri na wewe uko 10,000 na zaidi, picha ina chenga kama unga wa muhindi. Halafu kwenye kamera yangu, R6, ni eneo la katikati tu linalokamata ndege, pembeni hapakamati. Nimezoea. Namweka katikati, nyumbani nakata.

Na vumbi! Lenzi hii lazima uivute mbele ndiyo ifanye kazi, na haina kinga ya vumbi wala mvua. Hapa kwetu kabla ya mvua, vumbi jekundu linaingia hata kwenye chumvi. Mimi naifunga na mfuko wa sukari.

Sasa mtasema basi uza. Siuzi! Ile ya Nikon ya 180-600 inakaribia kilo mbili, ya Sony ya 200-600 imezipita. Beba hiyo kwa mguu toka barabarani hadi msituni, jua la saa sita, halafu uje tuongee. Hii naibeba na mkono mmoja, mwingine una mahindi. Inayonitia majaribu ni ndugu yake mwenyewe, RF 100-400. Gramu 635, na inashika kitu kilicho sentimita 88. Ni kama mkono! Lakini ukifika milimita 400 umeishiwa, haivuti mbali zaidi, na ndege wa juu ya miombo hawashuki kukusalimia. Mwanzo wa video hii nilikuwa nataka kusema nunueni ile. Sasa hivi sijui tena. Rafiki ataniazima, wiki ijayo tunaziweka pamoja chini ya mulunguti.

Na video sasa zitakuwa Jumamosi jioni, si Ijumaa, kwa sababu Ijumaa umeme unanitesa. Bonyezeni kengele, tafadhali.

Mdogo wangu, lete kitenge. Eh! Kimejaa vumbi upande wote huu. Zima kamera, zima, nikakifue kabla mama watoto hajarudi kutoka kanisani.