Corolla yangu ya 1998 na pampu za Maskati: 91, 95 au 98?

Kila nikipanda mlima wa Bausher kwenda Al Amerat, khasa Julai, injini ilikuwa inagonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Nikaacha petroli ya 91, nikahamia 95, kelele zikapungua. Nikatia 98, zikaisha kabisa. Basi nikawa natamba barazani kwamba mafuta ya ghali yana nguvu.

Nilikuwa najidanganya. Okteni, ndiyo hizo namba 91, 95 na 98, ni kipimo cha uvumilivu: petroli ibanwe na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajiwakia yenyewe, bila kungoja moto wa plagi uifikie. Ikijiwakia hivyo ndiyo ile kelele, na anayepigwa ni pistoni. Sasa injini yangu, 4A-FE, inabana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 9.5 tu, na kitabu chake kinasema 91 inatosha. Kwa nini igonge?

Jibu nililipata Wadi Kabir, kwa fundi Mzanzibari mwenzangu. Hakuniuliza natia mafuta gani. Aliunga kipande cha waya kwenye tundu mbili za kisanduku cha uchunguzi, akamulika puli kwa taa ya taimingi, ya kupimia wakati wa cheche: cheche ilikuwa inakuja nyuzi 16 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu, badala ya 10. Mapema mno, ndiyo maana ikagonga. Kumbe kuna mtu aliwahi kufungua distributa, kile kinachogawia plagi umeme wa cheche, akairudisha kombo. Akailegeza, akaizungusha kidogo, akaikaza. Dakika 20 hazikufika. Miezi yote ile 98 ilikuwa inanifichia ugonjwa.

Agosti nikapanda mlima uleule, kiyoyozi kinafanya kazi, tangini 91. Kimya. Na kilomita ninazopata kwa tangi moja ni zilezile nilizokuwa nikipata kwa 98.

Kwa 95 sina ugomvi sana. Ni baisa 239 kwa lita, 91 ni 229, kwa hiyo tangi la lita 50 linazidi nusu riali tu. Nikipakia watoto na mizigo kwenda Nizwa kiangazi naitia, maana joto na uzito huongeza kugonga, na gari la umri huu lina masizi ndani ya silinda. 98 nawaachia wenye turbo.

Ndugu yangu aliye Marekani alinicheka, yeye anatia 87. Kipimo chao ni kingine: wanachukua wastani wa RON na MON, njia mbili za kupima okteni (sisi twatumia RON peke yake), na 87 yao hukaribia 91 au 92 yetu. Na wenye magari ya zamani kule nyumbani, ambayo viti vya vali vyake, pale vali zinapofungia, vilizoea petroli ya risasi, hiyo ni shida nyingine kabisa, okteni haiitibu.

Kijana wa pampu keshanizoea. Akiniona tu: "Mumtaz?" yaani ile bora. Namjibu, aadi, ya kawaida.