Little Fuzzy: viumbe wa futi mbili na kesi ya sayari nzima

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo mkononi nina Little Fuzzy cha H. Beam Piper, mwandishi Mmarekani. Kilitoka mwaka 1962, ni chembamba, unakimaliza wikendi moja tu. Hadithi za kisayansi zimetuzoesha wageni wa kutisha wanaoshuka na meli za vita kuja kutumaliza. Humu wageni ni sisi. Wenyeji ni viumbe waitwao Fuzzy, wa futi mbili hivi, wana manyoya ya rangi ya dhahabu na macho makubwa, na sauti unayoisikia kwao ni “yiik” tu.

Sayari inaitwa Zarathustra, na inamilikiwa na kampuni. Nasema inamilikiwa, yote, kwa hati halali. Ila hati hiyo ina sharti moja: sayari isiwe na wenyeji wenye akili. Wakipatikana, hati imekufa. Sasa mzee mmoja, Jack Holloway, mchimbaji wa vito anayeishi peke yake porini, anarudi nyumbani kwake na kukuta kiumbe bafuni. Tangu hapo unajua mtu fulani mjini hatalala usingizi.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote iko mapema. Kuna mdudu anaharibu mazao, wanamwita kamba wa nchi kavu. Fuzzy anamwona, anachukua patasi ya Holloway, anampindua mdudu chali, anamkata kichwa, anapasua gamba kwa ubapa wa patasi, anaanza kula. Nyama nono ikiisha, anakata taya la mdudu na kulitumia kuchokolea vipande vilivyojificha ndani. Piper hakueleza kwamba huyu ana akili. Amekuachia uangalie mikono yake. Ukisoma hapo polepole utaona kila kitu ambacho mahakama itakuja kukibishania baadaye.

Maana kipimo cha sheria katika hadithi hii ni kifupi: kiumbe anayeongea na kuwasha moto ni mtu. Fuzzy hawawashi moto. Na kuongea, basi “yiik” hiyo. Kampuni inakishikilia kipimo hicho kama ruba, na wanasayansi wake wanajua wanachofanya. Ukiwa umesoma habari za zile kampuni za karne ya 19 zilizopewa hati kutawala nchi za watu, utacheka kwa uchungu kidogo.

Tahadhari: kuanzia hapa nagusa mwisho. Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke mbele.

Mkubwa mmoja wa wanasayansi wa kampuni, Kellogg, anamkanyaga Fuzzy wa kike mpaka anakufa, na kosa la huyo Fuzzy lilikuwa kumsumbua tu ili amtazame. Holloway anamshtaki kwa mauaji. Hapo ndipo nikasema huyu mwandishi fundi. Huwezi kushtakiwa kwa mauaji ya kitu ambacho si mtu, kwa hiyo ili jaji aamue kama Kellogg ni muuaji lazima kwanza aamue Fuzzy ni nani. Shtaka moja la jinai limebeba hati ya sayari nzima. Wakili wa Holloway, Gus Brannhard, jitu la ndevu linalopenda chupa, analijua hilo kuliko wote mle ndani.

Ninapolalamika ni jinsi fumbo linavyofumbuliwa. Kumbe Fuzzy wanaongea siku zote, ila kwa sauti ya juu mno ambayo sikio letu haliipati. Sawa, wazo zuri, tena la kisayansi kweli. Lakini wanaoligundua ni wanajeshi wa angani, pembeni, tusipowaona, kisha wanaingia nalo mahakamani kama zawadi. Ningetaka Holloway mwenyewe ahangaike nalo. Halafu kuna ile mashine ya ukweli, shahidi akidanganya taa inageuka nyekundu. Mahakama yenye mashine hiyo, wakili ana kazi gani?

Na jambo lililonikera zaidi: wakishatambuliwa kuwa watu, wanafanywa kama watoto wa kuasili. Watu wanajipanga kuwachukua majumbani. Kitabu kinaliona hilo kama furaha tupu. Mimi niliona kampuni imeondoka, walezi wameingia, na hakuna aliyewauliza wenyewe.

Lugha ni Kiingereza chepesi. Uzee wake unaonekana kwenye mambo mengine: kila ukurasa mtu anavuta kiko au anachanganya kinywaji, na wanawake ni wachache, ingawa Ruth Ortheris, mwanasaikolojia wa kampuni, ana siri nzuri sana ambayo siitoi.

Bei? Nchini Marekani haki yake ya kunakili ilishakwisha, kwa hiyo kipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg bila malipo, na LibriVox wana toleo la kusikiliza lililosomwa na watu wa kujitolea. Kwangu kinapata nne kati ya tano. Ukikipenda, kuna mwendelezo wa mwaka 1964, na mwandishi John Scalzi aliisimulia upya hadithi hii mwaka 2011 katika Fuzzy Nation, ambako Holloway ni mjanjamjanja zaidi na ubishi wa kisheria ni mkali. Anza na cha Piper lakini, maana utamu wa Scalzi ni kuona alichokibadilisha.