Hadubini ya USB kwa somo la mapezi na miguu: uzoefu wangu

Nafundisha baiolojia S5 (kidato cha tano) hapa Jinja, Uganda. Wanafunzi walikuwa wanakariri tu kwamba mapezi ya samaki yaligeuka miguu, bila kuona kitu. Nikanunua Kampala hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, shilingi 140,000. Naipendekeza kwa walimu wenzangu, ila msiamini maneno ya kwenye boksi.

Boksi linadai inakuza mara 1000. Si kweli, ukizidisha picha inajaa ukungu. Taa zake nazo, ukitazama ndani ya yai la kuku kama nifanyavyo darasani, zinamulika ute mpaka huoni kitu. Mimi nazizima, naweka tochi ya simu kwa pembeni. Stendi ni nyepesi mno.

Lakini kwa yai inafaa sana. Nachukua mayai yenye mbegu yaliyokaa kwenye mashine ya kutotolea, nakata dirisha dogo kwenye ganda. Siku ya 4 vichipukizi vya mabawa na miguu vinaonekana ubavuni mwa kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika. Siku mbili tatu baadaye bawa limekuwa bapa kama kasia, na ndani yake vidole vinaanza kujichora. Darasa zima linatazama skrini moja, wanaacha hata kunong'ona.

Hapo naeleza kwamba pezi la samaki nalo huanza na kichipukizi. Mwaka 2016 watafiti wa Chicago waliharibu jeni za hox13, zinazoongoza ujenzi wa ncha ya kiungo, za samaki wadogo wenye milia wanaofugwa maabara: vijiti vinavyotandaza pezi vikapungua sana, vifupa vya ndani vikaongezeka. Panya akikosa jeni za kundi hilohilo, haoti vidole. Kwa hiyo ncha ya pezi na kiganja chako vinajengwa kwa maelekezo yenye asili moja. Sijui jambo zuri kuliko hilo katika silabasi nzima.

Kisha nawaonyesha pezi la kamongo, samaki mwenye mapafu, niliyempata Masese hapa Jinja. Pezi lake ni jembamba, refu. Ukichana ngozi unakuta mhimili wa gegedu, na begani kipande kimoja tu, mwenzake wa mfupa wetu wa juu ya kiwiko. Huyu ni ndugu yetu wa karibu kuliko alivyo ndugu wa ngege (tilapia), ingawa sokoni wanalala meza moja.

Kebo ya hadubini ni fupi, nunueni na ya kuongezea. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inaiendesha kipindi kizima.