Muziki wa Gari: Ununue Nini Kwanza, na Nini Kisubiri

Anayeingia Kariakoo, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta muziki wa gari huonyeshwa sabufa, yaani spika kubwa ya besi, kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotikisa duka. Mimi ningeanzia kwingine. Mpangilio huu ni wa mwenye gari dogo lililotumika Japani, anayenunua kidogo kidogo na anayetaka kusikia maneno ya wimbo, si kushindana na matatu.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya spika za milango ya mbele, hasa zile ambazo twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, imetenganishwa ili ikae juu karibu na kioo, sauti isitokee miguuni. Kabla ya kulipa, pima upana wa tundu la mlango na kina chake pia, maana spika yenye sumaku nene huweza kugusa kioo kinaposhushwa. Wati zilizochapishwa kwa herufi kubwa zisikushughulishe. Tafuta wati za kudumu, zinazoandikwa RMS, kisha tazama usikivu wa spika, unaopimwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 90 hutoa kwa nusu ya nguvu sauti ile ile ya spika ya desibeli 87, na kwa asiye na amplifaya, kifaa cha kukuza sauti, tofauti hiyo ni kubwa. Tenga pia fedha za mikeka ya mpira wa kunata ya kubandika ndani ya mlango na kuziba matundu yake, kwa sababu mlango wenye matundu huruhusu mawimbi ya nyuma ya spika yakutane na ya mbele na kuyafuta, besi ikapotea. Mafundi wengi huiruka kazi hii kwa kuwa haionekani ikishafunikwa, isimamie mwenyewe.

Ya pili ni redio, ingawa kwa gari la Japani mara nyingine hupanda ikawa ya kwanza. Redio nyingi za huko zilitengenezwa kupokea FM kuanzia MHz 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye waya wa antena ni nafuu na huleta vituo, lakini menyu hubaki za Kijapani. Unaponunua mpya, tanguliza ikwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti nyembamba) yenye bendi nyingi, vichujio vya kugawa sauti nzito na nyembamba, na uwezo wa kuchelewesha sauti ya kila spika. Skrini kubwa ije baadaye. Maandishi ya wati 50 mara nne ni ya kilele tu: kwa umeme wa volti 14.4 na spika ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), redio isiyoongeza volti haiwezi kuvuka takriban wati 26 safi kwa kila spika.

Ndiyo maana nafasi ya tatu naipa amplifaya ya chaneli nne, ya wati 50 halisi kila moja. Waya wake uwe wa shaba tupu. Kwaruza ncha kwa kisu, na ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo huhitaji kuwa nene zaidi kwa mzigo ule ule. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwani kazi yake ni kuzuia waya usiwashe gari moto.

Sabufa ya chini ya kiti ni ya nne. Boksi la sabufa ya inchi 12 ni la mwisho, tena kwa asiyehitaji buti.

Katika kurekebisha, weka kichujio cha spika za mlango kizuie sauti za chini ya Hz 80, besi nzito uiachie sabufa. Kitufe cha gaini kwenye amplifaya si cha kuongeza sauti. Hulinganisha redio na amplifaya. Zima ikwalaiza, chomoa spika, cheza mlio wa Hz 400 sauti ya redio ikiwa robo tatu, kisha ongeza gaini polepole hadi multimita, iliyowekwa kwenye njia za spika za amplifaya, isome volti 14 za AC, kiwango cha wati 50 kwa omu 4. Mwishowe chelewesha spika ya kulia, iliyo karibu na dereva wetu: sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde, hivyo tofauti ya nusu mita hudai milisekunde moja na nusu, na mwimbaji atahamia katikati ya dashibodi.