Upimaji wa uchafuzi chini ya sheli ya zamani: kazi ya uwanjani ni bora, ripoti inahitaji kusimamiwa

Familia yetu ilipangisha kiwanja jijini Dar es Salaam kwa mwendeshaji wa kituo cha mafuta kwa miaka mingi, na mkataba ulipokaribia kwisha tulikubaliana kwamba hatutakipokea kabla ya kujua hali ya udongo na maji yaliyo chini ya matenki. Kampuni ya ushauri wa mazingira tuliyoiajiri siitaji kwa jina, kwa kuwa nia yangu ni kuwaeleza wenye viwanja wenzangu namna kazi hii inavyopaswa kufanywa na mahali ambapo mteja hana budi kuwa macho. Niliridhika zaidi na walichokifanya uwanjani kuliko walichokiandika.

Kilichonipa imani tangu mwanzo ni kwamba hawakukimbilia kuchimba. Waliomba kwanza daftari za kupima mafuta kwa fimbo, hati za kupokelea mzigo, mchoro wa mabomba na umri wa matenki, wakaeleza kuwa chuma kisicho na kinga huliwa na kutu na kwamba aghalabu mafuta huvuja kwenye viungo vya mabomba yanayoelekea kwenye pampu wakati tenki lenyewe likiwa zima. Kwa kuwa kituo kilikuwa kikiuza petroli kabla ya mwaka 2006, ambapo nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye madini ya risasi, waliongeza risasi kwenye orodha ya vipimo bila sisi kuwaambia. Kampuni inayofika na mashine yake bila kuuliza mambo haya itachimba kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha italipwa na mteja.

Upande wa maji ndio uliostahili sifa kubwa. Sehemu kubwa ya pwani yetu ni mchanga, maji hayako mbali na uso wa ardhi, na kaya nyingi hunywa au kufulia maji ya visima vyao. Petroli ikivuja katika mchanga hushuka hadi ikutane na maji, kisha huelea juu yake kwa kuwa ni nyepesi, huku kemikali ya benzini iliyomo ndani yake ikiyeyuka na kusafiri na maji hayo kuelekea yanakotiririkia. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kidogo mno kuliko kile ambacho pua inaweza kukinusa, kwa hiyo jirani anayesema maji yake hayanuki hajathibitisha usalama wake.

Walichimba visima vya uchunguzi vitatu visivyokaa kwenye mstari mmoja na kupima kimo cha mdomo wa kila kimoja, kwa sababu kwa visima viwili mtu hawezi kujua maji yanaelekea wapi. Walipoteremsha kipimo chao katika kisima kilichokuwa karibu na matenki, kilitoa mlio usiokatika, na kiliposhuka kidogo zaidi mlio ukaanza kukatikakatika: wa kwanza ni wa mafuta, wa pili ni wa maji. Sampuli za maji walizitia katika vichupa vya kioo vya mililita 40, wakavijaza hadi pomoni, wakavifunga na kuvipindua kimoja kimoja wakitazama kama kuna kiputo cha hewa, maana benzini hukimbilia hewani na kuacha maji yakionekana safi kuliko yalivyo. Chupa yenye kiputo waliimwaga na kuchota upya. Ndani ya sanduku la barafu waliweka pia kichupa cha maji safi kilichotoka maabara na kurudi huko bila kufunguliwa, ili ijulikane kama uchafu uliingia njiani.

Nawashukuru pia kwa adabu yao. Kabla ya kuchota maji kwenye kisima cha bibi anayeishi upande wa pili wa ukuta, kiongozi wao alimwamkia, akaketi na kumweleza wanatafuta nini na majibu atayapata lini.

Ripoti, hata hivyo, ilikuwa na upungufu ambao siwezi kuunyamazia. Ilichukua unene wa mafuta yaliyoonekana kisimani na kuyahesabu kana kwamba ardhi nzima ina tabaka la unene huohuo, ilhali mafuta hujikusanya kisimani na mara nyingi tabaka lake huonekana nene kuliko lilivyo ardhini. Ramani ilichora mpaka wa uchafuzi hata upande ambao haukuwa na kisima. Zaidi ya yote, hitimisho lilijengwa juu ya sampuli za kiangazi peke yake. Masika yanapopandisha maji, mafuta yaliyonasa kwenye mchanga huguswa upya na viwango vinaweza kubadilika sana, kwa hiyo kusema kwamba visima vya majirani havina tatizo kwa kipimo kimoja ni kuwaahidi watu usalama ambao haujathibitishwa. Wakazi wa Thange, Makueni, nchini Kenya, ambako mafuta kutoka kwenye bomba la Mombasa–Nairobi yalivuja mwaka 2015, wanajua uzito wa jambo hili. Tena ripoti yote ilikuwa kwa Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya majirani tuliupata baada ya kuudai.

Bei ilikuwa wazi, kila kisima na kila sampuli vikiwa na gharama yake, ila duru ya pili ya kupima maji, wakati wa masika, haikuwamo. Ningeajiri kampuni hii tena, kwa sharti kwamba mkataba utaje duru mbili za kupima maji tangu mwanzo, upimaji wa mvuke wa petroli karibu na nyumba zilizo jirani, na kwamba visima vya uchunguzi vibaki na vifuniko vyenye kufuli hadi duru ya mwisho ikamilike.