Wakili wa mikataba ya usambazaji muziki Kinondoni: kazi anaijua, ila kumpata kwenye simu ni shughuli

Mawakili wa kugonga muhuri hapa Dar wamejaa, unaingia na karatasi yako, unatoa hela kidogo, inagongwa, unaondoka, na wasanii wengi wakikwambia mkataba wangu umepita kwa wakili wanamaanisha hicho tu, hakuna aliyeusoma. Huyu mama ninayemwelezea siyo wa hivo. Jina lake siliweki hadharani maana sijamuomba ruhusa, ila yupo Kinondoni, na kabla hatujatoa hata mia nilimwangalia kwenye e-Wakili ile ya Mahakama nikamkuta yupo hai, leseni imehuishwa. Fanyeni hivo na nyie, ni bure na inachukua dakika mbili, vishoka wa sheria mjini wapo.

Mi nasimamia kazi za dogo mmoja wa singeli, Mbagala huko. Kampuni ya usambazaji (hawa wanaopeleka nyimbo kwenye Spotify, YouTube na kwingine) ikamtumia mkataba kwa imeili, PDF la kurasa kumi na kitu, kizungu kitupu, na ndani kuna adivansi ya milioni mbili, yaani hela unayotanguliziwa halafu inakatwa kwenye mapato yako. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa (hii haraka yao nayo ni ya kuiangalia jamani, mtu anayekupa hela nzuri kwa nini hataki usome?). Dogo alishaanza kuulizia bei ya bodaboda.

Bei ya wakili: laki tatu kusoma na kukuandikia maoni, laki mbili nyingine kama unataka akuongelee na kampuni mpaka mwisho. Risiti ya EFD anatoa bila kuombwa. Sisi tulichukua vyote.

Sasa kilichonifanya nimuone wa maana, hakuanza na mkataba. Kaliweka pembeni lile PDF akamuuliza dogo, mwanangu, biti ni ya nani? Dogo akasema ya kwangu, nilimlipa prodyuza elfu themanini. Karatasi iko wapi? Hamna. Na hicho kinanda ninachokisikia humo ndani mmekitoa wapi? Kimya. Wa singeli mnajua, kinanda kimekatwa kwenye taarabu ya zamani, kikakimbizwa spidi, maisha yakaendelea. Ndo akafungua mkataba akatuonyesha kifungu kimoja kiko katikati huko, mtu wa kawaida angekipita, kinasema msanii anathibitisha kila kilichomo kwenye nyimbo ni mali yake, na mtu yeyote akija kudai, gharama zote za kampuni anabeba msanii. Zote, mpaka hela ya mawakili wao! Yaani unachukua milioni mbili leo, kesho mwenye taarabu yake akiibuka, au mfumo wa YouTube wa kutambua sauti ukikitambua kinanda chake, unadaiwa hela ambayo hata ukiuza hiyo bodaboda haifiki.

Kwahiyo kabla ya kuijibu kampuni akatutuma tumlete prodyuza. Akaandika karatasi moja tu, ya kiswahili kilichonyooka, kwamba rekodi ni ya dogo, prodyuza anapata asilimia 20 ya kinachoingia kwenye rekodi hizo na anatajwa kama mtunzi mwenza. Alisema haki za kazi kama hizi kuhamishwa kunatakiwa kuwe kwa maandishi chini ya ile sheria ya hakimiliki ya 1999, maneno ya studio hayakufikishi popote. Prodyuza mwenyewe alifurahi kuliko sisi, hajawahi kupewa karatasi na mtu. Nyimbo mbili zenye kinanda cha kukata ikabidi zirudi studio, na hapo akatuonya tusije tukamtafuta mpiga kinanda akapiga melodia ileile tukadhani tumetoka salama, maana melodia bado ni ya mtunzi wake hata kama vidole ni vingine. Tukapiga kitu kipya kabisa. Wimbo mmoja ulipungua utamu, siwafichi.

Kwenye hela alichukua penseli akaandika dola 100 nyuma ya bahasha. Mkataba unasema kampuni inachukua asilimia 30 ya mapato halisi, inasikika poa, sabini zangu thelathini zako. Sasa mapato halisi ni nini? Ukirudi ukurasa wa pili wanasema ni kinachobaki baada ya kutoa ada ya uendeshaji asilimia 15. Zimebaki 85. Thelathini yao kwenye hizo ni 25.50, dogo anabakiwa na 59.50, na hiyo haishiki mpaka adivansi iishe kulipika, na adivansi inalipwa na fungu lake yeye peke yake, fungu la kampuni haliguswi. Halafu kuna gharama za promo ambazo kampuni inajipangia yenyewe bila kumuuliza mtu, nazo zinakatwa kwake. Bado hujagusa kodi. Zile zinazotoka kwa wasikilizaji wa Marekani zinaweza kukatwa mpaka asilimia 30 hukohuko kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi nao. Na Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi kitu. Dogo alikaa kimya pale, bodaboda ikasahaulika.

Alichotupatia kwenye majadiliano: ada ya uendeshaji ilitoka kabisa, promo mpaka dogo akubali kwa maandishi, na muda ulikuwa miaka mitano unaojirudia wenyewe kama hujatoa taarifa siku 90 kabla, ukawa miwili na haujirudii. Kikubwa kuliko vyote kwangu mimi, mkataba ulikuwa unabeba nyimbo zote alizonazo na atakazotoa, ukabaki na nyimbo sita zimeorodheshwa moja moja na namba zake za ISRC (namba ya kuitambulisha kila rekodi). Milio ya simu nayo ikatolewa, tutaipeleka wenyewe. Alichoshindwa ni kutupatia haki ya kukagua vitabu vya hesabu vya kampuni, walikataa katakata, wakakubali kutoa ripoti kila robo mwaka tu, na kesi ikitokea ni mahakama za London. Hapo alituambia wazi, mkikorofishana na hawa watu hamtaenda London, kwahiyo sainini mkijua hilo. Nilipenda hakupaka rangi.

Mabaya yake sasa. Simu hapokei. WhatsApp anaona, tiki za bluu hizo, anakaa kimya mpaka kesho kutwa, na Ijumaa ya watu ikapita tukiwa hatujui kinachoendelea (kampuni ilisubiri lakini, si ndo nilichosema kuhusu haraka zao). Maoni yake ya maandishi aliyaandika kizungu kigumu kama mkataba wenyewe, ikabidi tukae naye tena atafsiri kwa mdomo, wakati ile karatasi ya prodyuza alionyesha kiswahili anakiweza vizuri tu. Na kila barua ya ziada nje ya makubaliano inahesabiwa, muulize mapema. Ofisi ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mambo ya mirabaha ya redio na kumbi hajishughulishi nayo, alituelekeza kwa vyama vya kukusanya mirabaha vinavyosimamiwa na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki.

Nampa nne kati ya tano. Ila kama wewe una wimbo mmoja na unapandisha mwenyewe kupitia DistroKid au TuneCore usiende kumpa laki tatu, yale masharti unabonyeza kukubali tu, hakuna wa kujadiliana naye, bora hela hiyo uende nayo studio na umwandikishe prodyuza wako karatasi. Huyu ni wa mtu aliyeletewa mkataba wenye jina lake, hasa ukiwa na adivansi ndani. Nenda na mkataba wenyewe uliochapishwa, orodha ya nyimbo, na majina ya kila aliyegusa hizo nyimbo, mpaka aliyeitikia kiitikio, maana atauliza. Na nenda asubuhi, mchana anakuwa mahakamani.